Ulizeni Unga

Picha yenyewe ilikuwa ya kawaida. Keki ya matabaka matatu, imepakwa krimu nyeupe, imekaa juu ya stuli jikoni kwa mama, na nyuma yake linaonekana jiko la mkaa na ukuta mweusi kwa moshi. Niliituma kwenye kundi letu la WhatsApp la wanafunzi wa uzamili usiku wa kuamkia sendofu ya mdogo wangu. Nilikuwa nimechoka na nina furaha. Dakika tano baadaye mwenzetu mmoja, kijana msomi kwelikweli, asiyemaliza siku bila kunukuu wanafalsafa wawili, akaandika: "Red velvet huko Dongobesh. Utumwa wa fikra sasa unaokwa kwa mkaa."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ndivyo mtu hufanya kwenye kundi la watu arobaini. Kisha nikalala vibaya.

Haya ndiyo majibu yangu. Yamechelewa miezi mitatu kwa sababu nilikuwa na tasnifu ya kuandika, na pia kwa sababu kwa muda niliamini kwamba ana hoja.

Nimtendee haki kwanza. Anachokisema kina ukweli ndani yake. Nimekaa kwenye vikao vya sendofu kule kwetu ambako keki iliwekwa kwenye bajeti kabla ya mchele. Nimeona familia inachukua mkopo wa kikoba ili bwana harusi mtarajiwa alishwe kipande cha keki kwa uma mbele ya kamera, na wiki mbili baadaye mama wa nyumba hiyo anakwepa njia ya sokoni asikutane na mweka hazina. Mshereheshaji anapiga kelele, watu wanapiga vigelegele, keki inakatwa, nusu yake inabaki na kukauka kwa sababu wazee hawaipendi na watoto wamelala. Mtu akiliita jambo hilo upuuzi sitabishana naye.

Ila sisi hatukukopa. Mwokaji wa mjini alitutajia laki moja na themanini, nauli ya kuifikisha Dongobesh juu yetu, na kama barabara ikiiharibu ni juu yetu vilevile. Mwaka huo bei ya kitunguu saumu ilikuwa imetuangusha. Mama alikuwa na magunia yake ndani akingoja bei ipande, na kila siku akiyagusa kuona kama yameanza kuoza. Laki na themanini haikuwepo. Mdogo wangu alikuwa ameomba kitu kimoja tu katika sherehe nzima, keki nyekundu, kwa sababu aliiona kwenye harusi ya rafiki yake Babati. Nikasema nitaioka mimi.

Yule mwokaji, nilipompigia kumwambia kwamba hatutachukua kazi yake, alinijibu kwa upole wa mtu anayejua utarudi. "Dada, bila oveni na bila cream cheese utapata mkate wa rangi. Hiyo siyo red velvet."

Kwa hiyo nina wapinzani wawili ambao hawajawahi kuonana. Msomi ananiambia nisiitake keki hii, mwokaji ananiambia siiwezi. Wote wawili wanakubaliana kwamba si ya watu kama sisi, na hapo ndipo ninapoanzia.

Keki zilizoitwa velvet, yaani mahameli, zilikuwepo Marekani tangu karne ya 19, na hazikuwa nyekundu. Jina lilisifia ulaini wa keki mdomoni. Wapishi waligundua kwamba unga wa kakao huilainisha keki. Kakao ya wakati huo ilikuwa na uchachu wake wa asili, na ilipokutana na maziwa yaliyochacha pamoja na siki, keki ilitoka na wekundu wa mbali, rangi ya udongo wa Mbulu baada ya mvua. Mholanzi van Houten alikuwa ameanza kazi ya kuikamua kakao mafuta mwaka 1828, na mtindo wa kuitibu kakao kwa alkali uliotokana na kazi yake uliifanya iwe nyeusi na kuua ule uchachu. Kakao ya namna hiyo ilipoenea, wekundu ukapotea. Ndipo wakaja wauza rangi. Kampuni ya Adams Extract ya Texas, katika miaka ile ya dhiki ya uchumi, iliuza vichupa vya rangi nyekundu pamoja na maelekezo ya keki, na hoteli ya Waldorf-Astoria ya New York nayo imedai keki hiyo ni yake. Baadaye, mwaka 1989, filamu ya Steel Magnolias ikaonyesha keki ya harusi yenye umbo la mnyama na nyekundu ndani kama nyama mbichi, na watu wakaikumbuka upya.

Sasa liangalie hilo neno "utumwa". Huko huko Texas, tarehe 19 Juni 1865, habari za uhuru ziliwafikia watumwa wa Galveston, miaka miwili na zaidi baada ya kutangazwa. Vizazi vyao husherehekea siku hiyo kwa vyakula na vinywaji vyekundu: soda nyekundu, tikiti maji, na katika nyumba nyingi red velvet. Watu waliotoka utumwani wakaichukua keki na kuila siku ya kukumbuka uhuru wao. Mwenzangu angeweza kuchagua tusi lolote katika Kiswahili, na akachagua hilo.

Lakini kilichonigusa zaidi ni mtindi. Resipi karibu zote za kisasa zinadai maziwa ya siagi yaliyochachuka, na kwa kuwa mjini hayapatikani kirahisi, zinakufundisha kughushi: mimina kijiko cha siki au ndimu kwenye maziwa ya paketi, subiri dakika kumi, jifanye ni mtindi. Nilicheka peke yangu niliposoma. Kwa mama mtindi uko kwenye kibuyu nyuma ya mlango. Kibuyu husafishwa kwa kijinga cha moto, kwa hiyo maziwa yake yana harufu ya mbali ya moshi, na uchachu wake hauhitaji ndimu. Wairaqw ni wakulima na wafugaji kwa pamoja, majirani zetu Wadatoga ni wafugaji hasa, na katika wilaya hizi mbili, Mbulu na Hanang, nyumba isiyo na maziwa ya mgando ni nyumba iliyopata msiba wa ng'ombe. Keki ambayo moyo wake ni maziwa yaliyochacha ina haki gani ya kuwa ngeni kwetu?

Na ile krimu? Cream cheese ilikuja baadaye. Krimu ya zamani ya red velvet ni uji. Sitanii. Unachemsha maziwa na unga wa ngano ukikoroga hadi yawe mazito, unauacha upoe kabisa, halafu unaupiga pamoja na siagi na sukari mpaka uwe mwepesi na mweupe. Nilipomweleza mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Wamarekani wanajua kwamba hicho ni chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa. Siagi alitikisa mwenyewe. Usiku wa Mbulu uliigandisha krimu bila friji, hata Desemba.

Sitadai kwamba mambo yalikwenda sawa mara ya kwanza. Keki ya kwanza iliumuka vizuri hadi nikaanza kujisifu, kisha ikazama katikati kama kaburi la zamani. Nililaumu mkaa, nikalaumu mayai, nikamlaumu mdogo wangu kwa kufunua kifuniko. Kosa lilikuwa la kimo. Kwetu ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 95. Hewa ni nyepesi, gesi ndani ya keki hutanuka haraka kuliko keki inavyoiva, na kuta zake hupasuka kabla hazijakaza. Resipi nilizokuwa nazo ziliandikwa na watu wanaoishi karibu na bahari. Hakuna mahali zilipoandika hivyo. Zilijiona ni za dunia nzima.

Kwa hiyo, kwa atakayeoka Mbulu, Karatu au Lushoto: kwa vikombe viwili na nusu vya unga, soda ya kuokea ipunguzwe robo, sukari ipungue vijiko viwili, mtindi uzidi kikombe kwa vijiko viwili au vitatu. Kakao vijiko viwili, siki kijiko kimoja, itiwe mwisho. Chukua sufuria kubwa, tandaza mchanga mkavu chini, weka mawe matatu madogo, upashe moto kwa dakika ishirini, kisha teremsha sufuria ya keki juu ya mawe na ufunike. Palia makaa juu ya kifuniko. Ya juu yawe mengi, ya chini machache. Anayegeuza atakula mkaa. Matabaka matatu yalinichukua kuanzia saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku, kwa sababu sufuria ilikuwa moja.

Rangi ndiyo iliyotugombanisha. Mimi, nikiwa nimejaa historia kichwani, nilitaka keki ibaki na wekundu wake wa udongo, wa kakao na mtindi. Mama akaikata ile iliyozama, akaitazama ndani. "Mwanangu anaagwa kwa keki ya tope?" Nikajaribu kiazi sukari kile chekundu, bitiruti, nikakikuna na kukikamua hadi vidole vikawa kama vya mchinjaji. Mbichi, mchanganyiko ulikuwa mzuri wa kupigwa picha. Ulipoiva ukawa kahawia, na wekundu umebaki chini tu kama doa la chai. Mdogo wangu hakusema kitu, akatoka nje. Nikatuma mtoto dukani akanunue kichupa cha rangi, nikatia kijiko kimoja cha chai. Basi. Ninaandika makala ya kuitetea keki hii na ndani yake kuna rangi ya kiwandani, na ningetia tena. Sherehe haikuwa yangu.

Ningeweza kuishia hapo na kuwa nimewajibu wote wawili: keki inawezekana, na sehemu kubwa yake tulikuwa nayo ndani. Lakini jioni ile, nilipokuwa nachekecha unga wa tabaka la tatu, Bibi aliuliza swali.

Bibi, mzaa baba, ni Mbarabaig. Alizaliwa upande wa Hanang, akaolewa na Mwiraqw akiwa binti mdogo, akaja Mbulu kabla ya mashamba makubwa ya ngano. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, shuka limemfunika hadi kidevuni. Akaelekeza fimbo yake kwenye pakiti.

"Unga huu umetoka wapi?"

"Dukani, Bibi."

"Duka halilimi."

Tulizoea. Bibi huuliza hivyo kwa kila chapati na kila andazi, tangu nikiwa mdogo, na nyumbani tuliligeuza kuwa utani. Mtu akichelewa kutoka safari tunamuuliza unga umetoka wapi. Safari hii, pengine kwa sababu mikono yangu ilikuwa ndani ya unga wenyewe, nilichukua pakiti nikaisoma kwa sauti. Jina la kiwanda, mji, uzito, vitamini zilizoongezwa, tarehe ya kuisha muda. Shamba halikutajwa popote.

Mimi ninasoma sheria. Muhula wa kwanza tulipewa kesi za ardhi, na mojawapo niliichambua kwa kurasa kumi na mbili na kupata alama nzuri, bila kuoanisha hata mstari mmoja na bibi yangu wala na andazi. Niieleze kwa ufupi kwa ambaye haijui.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa nguvu zaidi katika miaka ya 1970 na 1980, serikali kupitia shirika lake la kilimo na chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba ya ngano kwenye nyanda za Basotu wilayani Hanang. Mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Gawal, Waret. Jumla ni karibu ekari 100,000. Lengo lilitajwa kuwa taifa lijitosheleze kwa mkate. Ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na ndani yake zile nyanda wanazoziita muhajega, malisho yao bora kuliko yote, ambayo mifugo ililetwa kwa zamu kulingana na majira. Kwa macho ya mpimaji hapakuwa na mtu kwa sababu alifika wakati ng'ombe wako kwingine. Trekta zikalima. Zikalima hadi juu ya bung'eda, vile vilima vya makaburi ya wazee ambavyo mazishi yake huchukua miezi na ambavyo watu hurudi kuvizuru kizazi baada ya kizazi.

Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw na wenzao 67 walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliyokaa Arusha ikawapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaupindua ushindi huo, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi iliyoachwa na Mwingereza. Soma tena. Waliombwa ushahidi kwamba wao ni wenyeji. Hanang. Mimi niliandika kwenye zile kurasa kumi na mbili kwamba hoja hiyo "inaibua changamoto za tafsiri". Nilipata A.

Wakanada waliondoka miaka ya 1990. NAFCO nayo ikafikia mwisho, mashamba mengine yakarudishwa kwa wananchi na mengine yakauzwa kwa wawekezaji. Na taifa kujitosheleza kwa mkate? Sehemu kubwa ya ngano inayosagwa nchini mwetu hadi leo huja kwa meli. Vita vilipoanza Ukraine mwaka 2022, andazi la mtaani lilipungua ukubwa kabla hata hatujajua Odesa iko wapi. Kwa hiyo unga ule niliokuwa nauchekecha ungeweza kuwa wa Urusi, au wa nyanda zile zile ambazo Bibi aliondoka akiwa bibi harusi, au mchanganyiko. Sikuwa na namna ya kumjibu, na sheria haikumlazimisha mtu yeyote kuniwezesha.

Nirudi kwako sasa, mwenzangu wa kundi la WhatsApp. Ninakufahamu. Kila asubuhi tunakaa meza moja kwenye mgahawa wa chuo na unaagiza chapati mbili na chai ya maziwa. Wiki ile ile uliyonitukana tulikula sambusa kwenye semina ya kuondoa ukoloni katika elimu, na wewe ulikula nne. Hakuna aliyeita sambusa utumwa. Chapati ilitoka India, imekaa nasi muda wa kutosha, tumeisamehe. Mahindi yalitoka Amerika, na leo mtu akisema ugali si wa kwetu atafukuzwa nchini. Hata kwenye harusi za mjini mnakata ndafu na kuiita keki ya asili, na simjui mwokaji aliyewahi kuwashtaki. Kipimo chako cha nini ni chetu na nini ni cha kuiga ni kipimo cha mazoea tu. Kilichokuja zamani ni utamaduni, kilichokuja juzi na wanawake wa kijijini ni utumwa.

Tena ni kipimo rahisi kwako. Kukemea resipi hakukugharimu kitu. Hakuna wakala wa resipi atakayekuita ofisini. Kuuliza habari za unga ni jambo jingine, kwa sababu swali hilo linaishia kwenye hati za ardhi, kwenye hukumu ya mahakama ya nchi huru, kwenye sera zilizopitishwa na watu ambao majina yao yako kwenye kumbi tunazosomea. Waliochukua malisho ya Hanang hawakuwa wakoloni. Walikuwa wasomi wazalendo waliotaka mkate kwa taifa, na walizungumza lugha yako hii hii ya ukombozi. Ndiyo maana inanikera unapoitumia juu ya keki ya mdogo wangu.

Utaniuliza: kama unga una damu, mbona uliuoka? Nimejiuliza. Ningeweza kutangaza kwamba sili ngano. Ningepongezwa kwenye kundi. Mdogo wangu angeagwa bila kitu alichokiomba, Mbulu ingeendelea kuwa na wakulima wadogo wanaopanda ngano yao wenyewe kwenye ekari mbili tatu na kuhangaika kupata mnunuzi, na nyanda za Basotu zisingetikisika hata kidogo. Sikuona anayenufaika hapo isipokuwa mimi na sifa zangu. Keki haikumfukuza mtu. Ninachokitaka ni kidogo na kinaudhi: kwamba pakiti ya unga iseme ngano imelimwa wapi, kama kahawa inavyosema. Kwamba mwanafunzi wa sheria asisome Mulbadaw kama zoezi la tafsiri. Kwamba kakao ya Kyela, ambayo ni yetu kabisa na huondoka nchini ikiwa mbegu, niikute dukani Mbulu badala ya kopo lililosafiri kutoka Ulaya, maana hilo nalo nililinunua, na nalo sijalisahau. Na kwamba msomi anapotaka kutetea vya asili aanze kwa kuuliza alichonacho yeye kwenye sahani.

Mwokaji wa mjini sina ugomvi naye sana. Anatafuta riziki. Nimwambie tu kwamba ilikaa wima siku nzima.

Sendofu ilifanyika chini ya maturubai mawili, mvua ikanyesha saa moja na kuacha. Mshereheshaji alipoitangaza keki aliita "keki ya kimataifa", nikaona mama anazuia kicheko. Mdogo wangu alipoikata na wekundu ukaonekana, watoto walioketi mbele walipiga yowe kana kwamba amechinja. Alimlisha mama, akamlisha mama mdogo, akawalisha wakwe kwa kupiga goti. Shangazi yangu aliionja mara mbili, akaniuliza mbona ina moshi. Nikamwambia ni kibuyu. Akaomba kipande kingine cha kwenda nacho.

Bibi alipelekewa chake kwenye kisosi, alipokaa chini ya mti, mbali na spika. Nilisimama kwa mbali nikimtazama. Alikigeuza kipande upande huu na upande ule, akakinusa. Kisha akachukua kijiko, akakwangua krimu yote, ya juu, ya pembeni na ile ya katikati ya matabaka, taratibu, ile ya maziwa na siagi ya mama, akaila hadi ikaisha. Kilichobaki, chekundu kitupu, akamkabidhi mtoto wa jirani aliyekuwa anapita.

Nikaenda kuchukua kisosi. Akanishika mkono.

"Ng'ombe ni yule mwekundu?"

"Ndiye, Bibi."

Akaitikia kwa kichwa. "Na unga?"

Nikamwambia bado natafuta.